Hivi London mpaka Amsterdam kwa ndege ni dakika 20, dakika 50 au masaa mawili na dakika 20? Wajuzi naomba mnisaidie

#1 Binti Chumbageni
Wakuu habari za saa hizi. Mwenzenu naumiza kichwa. Mwezi wa saba naenda London kwenye mahafali ya dada, na nikiwa huko nataka nivuke Amsterdam nikamuone binamu yangu siku chache kisha nirudi London nipande ndege ya nyumbani. Jana usiku nikakaa na simu natafuta tiketi. Ya kwenda inatoka Heathrow saa 3 kamili asubuhi inafika Schiphol saa 5 na dakika 20. Ya kurudi inatoka Schiphol saa 9 kamili alasiri inafika London saa 9 na dakika 20!!! Yaani kwenda masaa mawili na ushee, kurudi dakika 20? Kaka mmoja hapa ofisini kanijibu kwa kujiamini kabisa eti kurudi ndege inasukumwa na upepo. Binamu naye anasema hewani hata dakika 50 hazifiki. Ramani inasema kilomita 370. Nani mkweli hapa?

#2 Kamanda wa Reading
Hakuna upepo wala nini dada. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za pale unapotoka na pale unapofika, sio za sehemu moja. Kwenda toa saa moja, kurudi ongeza saa moja, zote mbili zinakuja saa moja na dakika 20. Hata wakibadilisha saa mwezi wa tatu na wa kumi wanabadilisha wote kwa pamoja kwahiyo tofauti haigusiki. Moderator funga uzi.

#3 Mzee wa Kitonga
Moderator asifunge, mimi ndo kwanza nimevuta kigoda.

#4 Binti Chumbageni
Kamanda ubarikiwe, hapo kwenye saa nimekuelewa. Lakini bado kuna kitu. Saa moja na dakika 20 kwa kilomita 370? Nairobi Mombasa ni mbali zaidi ya hapo na tiketi inaandika kama lisaa limoja hivi. Na binamu kashapanda hiyo ndege mara nyingi, anasema ukishaacha ardhi ukinywa maji na kabiskuti kao unaambiwa funga mkanda tunashuka. Hizo dakika 30 nyingine zinaenda wapi?

#5 Fundi Bawa
Ngoja nikusaidie maana hii ndo kazi inayonilisha. Muda wa kwenye tiketi haupimwi kuanzia ndege inapoacha ardhi mpaka inapogusa. Unapimwa kuanzia inaposukumwa nyuma kutoka getini mpaka inaposimama geti la huko iendako. Sasa hebu angalia viwanja vyenyewe. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na sheria inawabana wasizidishe safari 480,000 kwa mwaka, na karibu zote zinatumika, kwahiyo asubuhi ndege zinapanga foleni kabla ya kuruka, ukikaa dirishani unaona mikia tu imepangana mbele yenu. Schiphol ndo balaa zaidi. Zipo njia sita, ila ile mpya inayoitwa Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ukishuka pale unatambaa chini dakika 15, wakati mwingine zinakaribia 20. Waliijenga kule ili kelele zisiwe juu ya nyumba za watu. Jumlisha foleni ya huku na kutambaa kwa kule, dakika 30 zako umezipata.

#6 Mswahili wa Rotterdam
#5 nathibitisha, hiyo Polderbaan ni ya kwenda na chakula. Mara ya kwanza nafika nilidhani tumepotea. Ndege imeshuka, watu washawasha simu, bado tunaenda tu, kushoto shamba kulia shamba, mara nachungulia chini naona magari yanapita barabara kuu CHINI yetu, ndege iko juu ya daraja! Kuna bi mkubwa mmoja wa Kisomali alikuwa kiti cha pembeni akaniuliza, mwanangu, hii imekataa kuruka tena au inatupeleka nyumbani mmoja mmoja?

#7 Mzee wa Kitonga
😂😂 nyumbani mmoja mmoja kama daladala ya saa sita usiku

#8 Mchumi wa Vingunguti
Fundi umeongea vizuri ila umewasafisha sana hawa watu wa mashirika. Ukweli ni kwamba wanajipa dakika za akiba makusudi. Ndege ikifika ndani ya dakika 15 baada ya muda ulioandikwa inahesabiwa imewahi. Sasa wewe ukijua safari ni lisaa, ukaandika lisaa na dakika 20, hata ukichelewa kuondoka bado unafika "mapema" na kapteni anajisifu kwenye spika. Na kingine fidia. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa kufika masaa matatu abiria analipwa euro 250. Ukijiongezea dakika 20 kwenye ratiba umeshajikinga. Biashara hiyo wakuu, msione vyaelea.

#9 Fundi Bawa
Mchumi hapo kwenye fidia umechapia. Kuchelewa kunakolipwa ni masaa matatu, hizo dakika 20 zitamkinga nani? Labda yule mmoja kwa elfu. Akiba ipo, sikatai, ila sababu kubwa ni Schiphol yenyewe. Wengi wanaopanda hiyo ndege Amsterdam hawashuki kwenda mjini, wanaunganisha. Kuna anayekimbilia ndege ya Nairobi, ya Dar, ya Kilimanjaro. Ratiba ikiwa ya kubana watu wanakosa maunganisho na shirika ndo linawalaza hotelini kwa gharama zake. Afadhali ndege ikae kidogo kuliko kulaza watu 30.

#10 Wakili Msomi
Huyo mmoja kwa elfu aliyemtaja Fundi alikwenda mahakamani na akashinda. Ndege ya Germanwings kutoka Salzburg kwenda Cologne/Bonn, magurudumu yaligusa ardhi ikiwa imechelewa masaa 2 na dakika 58. Ikasimama getini kwa masaa 3 na dakika 3. Shirika likasema tumewahi, abiria akasema hamjawahi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ikaamua kwamba kufika ni pale mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Kwahiyo mtu akitambazwa Polderbaan hizo dakika zote anazihesabu upande wake. Halafu kwa sasa Uingereza wana sheria yao baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, safari fupi kama hii ni pauni 220, mambo mengine karibu yanafanana.

#11 Mchumi wa Vingunguti
Mnaona? Dakika 5 zililipisha kampuni. Halafu fundi ananiambia dakika 20 hazina maana. Asante wakili.

#12 Fundi Bawa
Kesi moja ya Ujerumani na Austria haifanyi ratiba ya London mkuu.

#13 Mkenya wa Leeds
Niaje wasee. Mimi naona mmesahau ile kitu inaitwa kuzungushwa. Ukitoka Amsterdam kuja Heathrow unaeza kaa hewani ukizunguka tu, kuna sehemu nne ndege zinawekwa zikisubiri zamu, Bovingdon, Lambourne, Biggin na Ockham. Wa kutoka Uholanzi mara mingi ni Lambourne, hapo juu ya Essex. Zinapangwa kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, futi elfu moja kati yao, ya chini ikiitwa zote zinashuka ngazi moja. Last year nikitoka huko tulizunguka mpaka nikajua kila shamba kwa jina, nikaona dimbwi moja la bluu la kuogelea kwa boma ya mtu mara nne nzima. Kapteni anasema tu "dakika kumi zaidi". Sasa ratiba lazima iweke hiyo. Na usilinganishe na Nairobi Mombasa dada, JKIA iko na runwei moja kweli lakini ndege ngapi kwa saa? Hapo ukisukumwa nyuma dakika kidogo ushatoka.

#14 Mnajimu wa Upepo
Mnamcheka bure kaka wa ofisini. Upepo upo na una nguvu sana huko juu, ila unatoka magharibi kwenda mashariki, kwahiyo unasukuma wanaoKWENDA Amsterdam sio wanaorudi. Yeye kageuza tu upande. Kurudi London ndo ndege inapigana na upepo. Muangalie hata Marekani, New York kuja London masaa sita na kitu, kurudi karibu nane. Hilo nalo limo kwenye hizo dakika zenu.

#15 Teacher Hesabu
Mnajimu twende kwa namba. Kilomita 370. Tuseme ndege inakwenda 750 kwa saa, na upepo ni 110 kwa saa, huo ni upepo mkubwa. Kwenda unapata 860, hiyo ni kama dakika 26. Kurudi unapata 640, kama dakika 35. Tofauti dakika 9, na hapo nimekupendelea sana, nimekupa upepo wote kuanzia uwanjani mpaka uwanjani wakati chini haupo hivyo. Atlantiki ni zaidi ya kilomita 5,500 ndo maana tofauti inaonekana. Huku ni kijisafari.

#16 Mnajimu wa Upepo
Dakika 9 kati ya 30 alizouliza dada ni theluthi karibu. Sijasema ni zote. Halafu mwalimu upepo una kazi nyingine hujaihesabu. Ndege inaruka ikiutazama upepo. Kwa vile upepo wa London mara nyingi unatoka magharibi, siku nyingi za mwaka Heathrow wanaruka kuelekea magharibi, wakati Amsterdam iko MASHARIKI. Kwahiyo unaanza safari kwa kwenda upande wa Windsor, kisha unakata kulia, unazunguka kaskazini ya London, ndo unaanza kuelekea Clacton na baharini. Hiyo 370 ya ramani ni mstari wa rula, hakuna ndege inayoruka kwa rula.

#17 Fundi Bawa
Hapo kwenye kuzunguka nakuunga mkono. Na kingine, hesabu ya Teacher imechukua 750 mwanzo mwisho. Chini ya futi 10,000 kasi kawaida inabanwa isizidi noti 250, hiyo ni kama kilomita 460 kwa saa kwa mahesabu ya kawaida. Safari fupi kama hii unapanda, unakaa juu kidogo tu, unaanza kushuka. Hufiki hata kule futi elfu 35 wanakokaa wa safari ndefu. Ndo maana hewani zinakuja dakika 45 mpaka 50 na sio 30.

#18 Teacher Hesabu
Mimi nilikuwa napima upepo, sikuwa napima safari. Someni swali kabla ya kujibu.

#19 Mzee wa Kitonga
Mwalimu kakunja uso, darasa kimya.

#20 Dada wa Stratford
Samahani naingia kwa nyuma. Hivi mbona hakuna aliyemuuliza dada LONDON IPI? Maana viwanja vinavyojiita London vipo sita, Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Stansted iko karibu kilomita 50 kutoka mjini kati, utalala kwenye basi. Mimi niko mashariki ya London huwa napandia City, pale Docklands, unatoka kwenye treni unaingia ukaguzi, umemaliza. Njia yao ya kurukia ni fupi, mita 1,508 tu, na ndege inashuka kwa mteremko mkali kuliko kawaida, mara ya kwanza tumbo linabaki juu. Na kwa vile upo tayari mashariki, kilomita zinapungua na hakuna kuzunguka sijui Windsor. Angalizo, wikiendi wanafunga kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumapili mchana, majirani walilalamikia kelele.

#21 Kamanda wa Reading
Kashasema Heathrow kwenye #1 dada. Na City bei yake siku nyingine unaweza kununua ng'ombe.

#22 Dada wa Stratford
Ng'ombe wa Reading au wa Sumbawanga?

#23 Mbeba Boksi Mstaafu
Nimesoma mwanzo mpaka hapa nacheka. Watu wanagombania dakika 30 za hewani wakati siku yenyewe inaliwa nje ya ndege. Hebu tuhesabu kiukweli. Saa nzima kutoka kwa dada mpaka Heathrow, masaa mawili ya kuwahi, saa moja na dakika 20 za tiketi, nusu saa foleni ya pasipoti Schiphol, mzigo, kisha treni kwenda mjini dakika 15 na ushee. Umetumia masaa matano. Treni ya Eurostar inatoka St Pancras katikati ya London inakwenda moja kwa moja Amsterdam Centraal karibu masaa manne, unapita chini ya bahari, unakatiza Lille, Brussels, Rotterdam. Ukaguzi wa pasipoti wa Uingereza na wa Ulaya wote unamalizika London kabla hujapanda, ukifika unashuka unatembea zako. Ilianza 2018 kwenda tu, kurudi moja kwa moja ikaja 2020. 2024 wakasitisha ya kurudi kwa ajili ya ujenzi wa stesheni ya Amsterdam, mwanzoni mwa 2025 ikarudi. Na mabegi mawili makubwa unaingia nayo bila kupimwa kilo.

#24 Kamanda wa Reading
Mzee treni nzuri lakini bei ukichelewa kukata ni kilio. Na mwezi wa saba ndo usiseme.

#25 Papa Goma
Bandugu, jambo kwenu wote, mimi niko Bruxelles. Mimi naongea jambo lingine kabisa, muulize dada viza. Hiyo njia ni fupi kwa ndege lakini ni ndefu sana kwa pasipoti. Uingereza ni viza yake, Uholanzi ni Schengen, ile viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haviingiliani. Sisi wa Kongo hata kupita tu Schiphol bila kutoka nje ya uwanja tunaombwa viza ya kupita. Nilikuwa na shemeji kule Goma alinunua tiketi nzuri sana ya kupitia Ulaya, bei ya chini, akarudishwa pale pale kaunta Kigali. Tiketi ikapotea.

#26 Binti Chumbageni
Pole kwa shemeji. Mimi viza ya Uingereza ninayo tayari, Schengen nimeomba nasubiri. Swali, nikitoka London kwenda Amsterdam, kurudi London hawatanikatalia kwamba nimeshaitumia?

#27 Wakili Msomi
Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza huwa inaruhusu kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya muda wake, soma tu kwenye viza yako imeandikwaje. Schengen kwa safari yako hata ikiwa ya kuingia mara moja inatosha. Beba barua ya mahafali na tiketi ya kurudi nyumbani kwenye begi la mkononi, sio kwenye mzigo. Na Papa Goma yuko sahihi, ila tusijisahau, Mtanzania na Mkenya nao Uingereza inawadai viza ya kupita uwanjani wakiwa hawana nyingine. Kila mtu ana mlango wake wa kugongea.

#28 Babu wa Magazeti
Vijana hamjambo. Nawaona mnazungumzia njia hii kama imezaliwa juzi. Shirika la KLM lilianzishwa Oktoba 1919, na safari yake ya kwanza kabisa ilikuwa HII HII, London kwenda Amsterdam, tarehe 17 Mei 1920. Ndege yenyewe ya kukodi, de Havilland DH.16, injini moja, rubani Mwingereza Jerry Shaw, abiria waandishi wa habari wawili na mzigo wa magazeti. Ilitokea Croydon kusini ya London, maana Heathrow imeanza kupokea abiria 1946. Na Schiphol nayo ni maajabu, mahali pale palikuwa ziwa, wakalikausha karne ya 19, mpaka leo uwanja uko kama mita tatu chini ya usawa wa bahari. Walipigana meli pale zamani.

Na hili la saa moja mliloliruka kwa haraka. Ukifuata jua, Amsterdam imeipita London kwa dakika 20 hivi tu, sio saa nzima. Na Waholanzi zamani walikuwa na saa yao ya Amsterdam, tangu 1909 ilikuwa mbele ya Greenwich, yaani saa ya London, kwa dakika 19 na sekunde 32, mwaka 1937 wakairekebisha ikawa dakika 20 kamili. Mei 1940 Wajerumani walipoivamia nchi wakawahamishia saa ya Berlin. Vita ikaisha, Wajerumani wakaondoka, saa ikabaki.

#29 Mzee wa Kitonga
Subiri kwanza. Kwahiyo Hitler ndo kasababisha binti wa Tanga asilale usiku anahesabu tiketi???

#30 Mswahili wa Rotterdam
Nimesoma hii kwa sauti kazini wenzangu Waholanzi wawili hawakuwa wanajua 😂. Ila kweli, mwezi wa sita huku saa nne usiku bado kweupe, unafunga Ramadhani ikiangukia huo mwezi unalia.

#31 Kamanda wa Reading
Babu heshima yako, ila ongeza hii. Kuna kipindi London na Amsterdam zilikuwa na saa moja mwaka mzima. Kuanzia 1968 mpaka 1971 Waingereza walikataa kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, wakakaa mbele ya Greenwich muda wote kama majaribio, na Waholanzi kipindi hicho walikuwa hawajaanza kubadilisha saa za kiangazi. Watu wa Scotland wakalalamika watoto wanakwenda shule gizani, Bunge likafuta. Tiketi za kipindi hicho dada asingepata shida.

#32 Babu wa Magazeti
Ahsante kijana. Wewe unasoma.

#33 Mkenya wa Leeds
Sasa mkishaongea historia, kuna watu wa Norwich hapa? Wale ndo wanajua kutumia hii maneno. Norwich kwenda Schiphol ni kama kilomita 240, ndege ndogo ya Embraer, ukipiga chafya ushafika. Wanaona ni rahisi kupanda hiyo waunganishe Nairobi kuliko kushuka na gari mpaka Heathrow. Na kwa sababu ya hiyo saa ya Berlin ya Babu, kurudi unaeza fika Norwich saa ile ile ulitoka Amsterdam, wakati mwingine hata ni kama ulifika kabla uondoke.

#34 Mchumi wa Vingunguti
Norwich dakika za akiba hazipo? Angalieni ratiba yake mtaona nayo ni kama lisaa hivi. Sasa Norwich kuna foleni gani ya kuruka? Nani wa kumsubiri? Hapo fundi atajibu nini.

#35 Fundi Bawa
Norwich foleni haipo lakini ikifika Schiphol inashuka Schiphol ile ile. Polderbaan haiulizi umetoka wapi. Na wengi wa kutoka Uingereza wanaingilia mlango mmoja baharini, unaitwa SUGOL, hapo wanapunguzwa kasi wapangwe mstari. Kukiwa na ukungu nafasi kati ya ndege na ndege inaongezwa, basi kule Brussels kwa Eurocontrol, wapanga safari za anga za Ulaya, wanazuia ndege zisiondoke kabisa mpaka zipewe dakika yao. Unakaa kwenye ndege London mlango umefungwa, hewa safi, jua linawaka, kapteni anasema tunasubiri nafasi, watu wanamnunia bure.

#36 Mchumi wa Vingunguti
Kila nikileta biashara wewe unaleta ukungu.

#37 Nahodha wa Kilindini
Mnapenda hewa sana nyie. Kuna meli inatoka Harwich, Essex, inakwenda Hoek van Holland. Ya usiku unapanda baada ya chakula, una chumba chako na bafu, unalala, asubuhi uko Uholanzi na gari lako. Mimi nilivuka na familia, shirika silitaji maana usiku ule kiyoyozi cha chumba chetu kiligoma kuzimika, tukalala na koti kama tuko Njombe. Lakini asubuhi watoto wamesimama kwenye ngazi wanaona mitambo ya upepo baharini na makreni ya Rotterdam yanawaka taa, hiyo kwenye ndege huioni.

#38 Teacher Hesabu
Dada ana siku chache nahodha, akienda kwa meli atarudi mahafali ya mwakani.

#39 Binti Chumbageni
Nawashukuru wote jamani, sikutegemea. Nimeamua kwenda kwa ndege ya asubuhi na kurudi kwa treni, dada kasema atanichangia. Sasa la mwisho, binamu kaniagizia dagaa wa Kigoma na nyama kavu ya mama. Nitavuka nayo?

#40 Mswahili wa Rotterdam
Nyama SAHAU. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi, na Uingereza siku hizi ni nje. Januari 2021 hapo hapo Hoek van Holland kwa nahodha, maofisa wa forodha walionekana kwenye televisheni wanawanyang'anya madereva wa malori mikate yao yenye nyama, dereva anaomba basi chukueni nyama mniachie mkate, wanakataa. Samaki ndo ruhusa, mpaka kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yake. Dagaa wakavu hawana neno.

#41 Mzee wa Kitonga
Kilo 20 za dagaa ndani ya treni iliyofungwa madirisha, chini ya bahari. Wazungu watashuka Lille wote.

#42 Dada wa Stratford
Kasema treni ni ya kurudi, dagaa atakuwa kashawaacha. Soma uzi babu.

#43 Mzee wa Kitonga
Harufu haishuki na mzigo mjukuu wangu.

#44 Mbeba Boksi Mstaafu
Wafunge kwenye mfuko wa nailoni, juu yake gazeti, juu yake nailoni tena, kisha weka kwenye begi la kukabidhi, usiwabebe mkononi. Na mwambie binamu aje na begi lake mwenyewe kuwapokea Schiphol.

#45 Mnajimu wa Upepo
Mwalimu bado hujanijibu kuhusu Windsor.